Gari Likirudi Tupu

Ukitaka kumjua mtu aliyechoka, usimtazame usoni. Uso unadanganya. Mtazame akiwa amesimama chini ya ngazi anayotakiwa kuipanda. Afande alikuwa akifika kwenye jengo jipya la zimamoto kila asubuhi, anaweka mkoba wake juu ya mfuko wa saruji, anashika bomba la kiunzi kwa mkono mmoja, kisha anaitazama ile ngazi kutoka chini hadi juu na kuiambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na wewe leo usinianze." Ndipo anatanguliza mguu wa kushoto, ulio mzima, na wa kulia anauvuta taratibu nyuma yake. Vibarua walishazoea. Walikuwa wakigeuka pembeni na kujifanya wanakoroga zege, maana kumtazama mama mtu mzima akiuma meno kwenye ngazi si jambo la heshima.

Goti lile la kulia lilikwisha kazini. Hakuanguka, hakugongwa, wala hakuna siku moja ya kuisimulia. Liliisha kidogokidogo, kwa miaka yote ile ya kuruka kutoka kwenye gari la zimamoto kabla gari halijasimama vizuri. Wazimamoto wote huruka hivyo, wakiambiwa wasiruke wanaitikia, na kesho wanaruka tena. Alipoanza kuchechemea, wakubwa wakakaa, wakashauriana, wakaona wampe kazi ya kukaa. Kazi yenyewe ya kukaa ikawa kusimamia ujenzi wa kituo kipya. Kama yupo mtu aliyewahi kusimamia ujenzi akiwa amekaa, jamani, aje atuonyeshe kiti chake.

Kazi yake ilikuwa moja tu, na si ya kihandisi. Wahandisi walikuwepo, na michoro yao ilikuwa mizuri. Yeye alitakiwa kuwa jicho la wazimamoto: kuhakikisha kwamba jengo likikamilika, watu wa kuzima moto wataweza kuishi na kufanya kazi ndani yake. Ndiye aliyesema makabati ya magwanda yawe njiani kuelekea kwenye gari, si chumba cha nyuma. Ndiye aliyesema bomba kubwa la kujazia tangi liwe ndani, chini ya paa, ili watu wasijaze maji wakinyeshewa. Ndiye aliyegomea vigae vya kuteleza mpaka mkandarasi akavirudisha dukani akinung'unika kama bibi harusi aliyenyimwa zawadi.

Mkandarasi huyo, mafundi walikuwa wanamwita Bwana Kesho, na wala hapakuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Hakuwa mtu mbaya. Zege lake lilikuwa zege kweli, na nondo hakuiba. Ila ukimwuliza mabomba yanakuja lini, kesho. Madirisha, kesho. Fundi wa umeme, huyo ndiye kesho mwenyewe. Afande alikuwa amebishana naye tangu msingi hadi bati, na sasa wote wawili walikuwa wamechoka kiasi kwamba walibishana kwa sauti ya chini, kama watu wanaopigana huku wameegemeana.

Kituo cha zamani kilikuwa banda nyuma ya maghala, na kuliita kituo kulihitaji moyo. Wazimamoto walilala juu ya mabenchi, mipira ya maji ilikaushwa kwenye uzio wa jirani, na gari kubwa, lile jipya lenye ngazi juu, lililala nje kwa sababu halikuenea popote. Jua lilikuwa limeanza kulimenya rangi. Dereva wake alilifunika turubai kila jioni na kulifunua kila asubuhi, akilipapasa ubavuni na kulisemesha.

Dereva huyo ndiye mume wa Afande. Walikutana kazini, wakaoana kazini, na binti yao alizaliwa zamu ikiendelea. Afande alikuwa akiliita lile gari Mke Mwenza, na alikuwa na haki. Mumewe alipoamka, kabla hajamwamkia mtu, aliwaza maji ya gari. Tangi lilikuwa likijazwa mara tu linaporudi kutoka kwenye moto, kabla mtu hajavua buti, kabla hajanywa chai. Alikuwa na msemo wake: gari la zimamoto lisilo na maji ni lori la kubebea wanaume wasio na kazi. Katika miaka yake yote ya kuendesha, hakuna aliyewahi kulikuta gari lake limeegeshwa likiwa na tangi lisilojaa.

"Mwenzangu amekula leo?" Afande alikuwa akimuuliza wakati wa chakula.

"Ameshiba."

"Mimi je?"

"Wewe una mikono," Dereva alikuwa akijibu, huku akimsogezea sahani.

Basi, tuje kwenye lile goti, maana ndilo lililokuwa likihesabu siku kuliko mkandarasi yeyote. Daktari wa mifupa alishasema lazima lipasuliwe na kuwekwa jingine la chuma. Afande aliahirisha mara ya kwanza kwa sababu ya msingi, maana huwezi kuacha msingi ukamwagwa hujauona. Akaahirisha tena kwa sababu ya paa. Daktari akamtazama juu ya miwani na kumwambia bila kupepesa, "Mama, mimi sikulazimishi. Ila nafasi ya kupasuliwa si kiti cha harusini, kwamba ukichelewa utasogezewa. Ukiahirisha tena nampa mwingine, na tukija kukutana baadaye tutazungumza habari za fimbo na kiti cha magurudumu." Safari hii akapangiwa wiki ileile baada ya makabidhiano ya jengo. Binti yao, anayefanya kazi mji mwingine, akaomba likizo yake yote ili aje amuuguze. Shuka za kulalia wagonjwa zilikuwa tayari zimefuliwa na kukunjwa juu ya kabati. Kilichobaki ni Mkuu wa zimamoto kuja na hati, Afande atie saini kwamba jengo linafaa, na aende zake akalale kitandani kama binadamu.

Siku chache kabla ya hapo walilijaribu gari mlangoni. Mlango ule mkubwa ulikuwa na historia yake. Mchoro wa kwanza ulichorwa kwa ajili ya gari la zamani, lile fupi. Kabla ukuta haujafika juu ndipo likaja hili lenye ngazi mgongoni, na ikabidi lenta, ile boriti ya zege ya juu ya mlango, ipandishwe. Afande akamwambia mumewe alete gari lipimwe. Dereva akalileta, limeoshwa, linang'aa, limejaa maji mpaka shingoni kama kawaida yake. Akapanda juu na kichwa cha futi ya kupimia, mkewe akabaki chini anasoma. Afande akaongeza shubiri moja ya nafasi, akampa mhandisi kipimo, lenta ikamwagwa.

Lakini nyumba ina mdomo, inakula nafasi yako huku unaitazama. Sakafu ilipandishwa kidogo ili maji ya kuoshea gari yaelekee mferejini. Kisha likaja sanduku la chuma linalobeba mlango wa kujikunja, nalo likaning'inia chini kuliko walivyotegemea. Shubiri ikaliwa, ikabaki nafasi ya vidole tu. Ndiyo maana wakalijaribu. Dereva aliliingiza polepole, Afande amesimama ndani anampungia mkono, na kimulimuli cha buluu, ile taa ya juu ya gari, kikapita chini ya lile sanduku bila kugusa. Vibarua wakapiga makofi. Bwana Kesho akafuta jasho na kusema, "Si niliwaambia?" ingawa hakuwa amemwambia mtu yeyote kitu chochote. Afande alishusha pumzi ndefu aliyokuwa ameibana tangu msingi.

Ilibaki siku moja Mkuu aje, pale ghala la magodoro liliposhika moto.

Moshi wa magodoro unajulikana, mweusi na mzito, una harufu inayokaa puani wiki nzima. Afande aliuona akiwa juu, anakagua mifereji ya paa, na mwili wake ukataka kuruka kama zamani. Akajishika kwenye ukingo. Alisikia king'ora cha gari la mumewe kikipita barabarani, akakifuata kwa masikio mpaka kilipokatika, kisha akarudi kuhesabu misumari ya mfereji huku moyo wake uko kwingine. Ndivyo alivyoishi tangu aondolewe kwenye gari. Wenzake wanakwenda, yeye anakagua misumari.

Walirudi alasiri. Dereva, badala ya kuwapeleka vijana kwenye lile banda, akakata kona akaja jengo jipya. Lilikuwa njiani, mkewe alikuwepo, na kesho yake lingekuwa lao rasmi, sasa kuna ubaya gani? Vijana wake walikuwa hoi. Nyuso zao zilikuwa nyeusi, macho mekundu, magwanda yamelowa na kunuka mpira ulioungua. Alitaka waoshe gari kwenye sakafu nzuri na wajinyooshe kivulini. Afande alimfungulia mlango mwenyewe, akauvuta mnyororo mpaka mlango ukajikunja wote juu, akasimama pembeni.

Gari likaingia taratibu. Kisha ukasikika mlio mkavu, kama wa sahani kupasuka, na vipande vya plastiki ya buluu vikamwagika juu ya kioo cha mbele.

Dereva akakanyaga breki. Kijana mmoja akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka kupita kiasi, kisha akanyamaza mwenyewe.

"Hukuufungua wote," Dereva akasema, kichwa amekitoa dirishani.

"Nimeufungua wote."

"Haiwezekani. Juzi limepita."

Afande alitazama juu, akatazama magurudumu, akalitazama gari zima kwa muda. Kisha akauliza polepole, kwa sauti ya mtu anayejua jibu na hataki kulisikia, "Una maji kiasi gani?"

"Maji gani tena? Hata ya kunawa mikono hakuna. Tumemwaga yote."

Basi Afande akatafuta kitu cha kukalia, akapata ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akakaa. Gari la zimamoto lililojaa maji lina uzito wa kutisha, na springi zake zinalala. Ukiyatoa yote, gari linanyanyuka, kama punda aliyeshushiwa mzigo. Si sana. Ila walikuwa wamebakiza vidole tu. Jambo hili kila mzimamoto analijua. Lakini gari walilipima likiwa limejaa, kwa sababu katika maisha yao hawakuwahi kuliona gari hilo limesimama likiwa tupu. Bidii yao wenyewe ndiyo iliyowaponza. Walikuwa wamejenga mlango ambao gari linaweza kutoka kwenda kwenye moto, lakini likitoka motoni haliwezi kurudi.

Dereva alishuka, akasimama mbele ya gari lake, akavua kofia. "Tulilipima limeshiba," akasema.

"Mimi ndiye niliyelipima," Afande akajibu. "Wewe ulishika futi tu."

Bwana Kesho akaja mbio. Alipoelezwa, akakuna kichwa, halafu uso wake ukachangamka. "Afande, hilo dogo. Wajaze maji nje, gari likishuka ndipo liingie. Imekwisha."

"Bomba la kujazia liko wapi?" Afande akauliza.

Bwana Kesho akatazama ndani. Bomba lilikuwa ukutani, huko ndani kabisa, pale Afande mwenyewe alipolipigania. Kwa hiyo ili uingie unahitaji maji, na maji yako ndani. Hata mkandarasi, ambaye si mtu wa kucheka, alibinya midomo.

Ikabidi walirudishe gari nyuma, waufunge mpira kwenye bomba, wauburute mpaka nje na kujaza tangi juani. Maji yalikuwa yakitoka kwa kusuasua. Wale vijana walikaa chini wameegemea ukuta na magwanda yao yaliyolowa, wakisubiri gari lizame, maana kwa Dereva hakuna anayeingia kupumzika kabla ya gari, ili waingie kwenye kivuli walichokiona kwa macho. Mmoja alilala hivyohivyo, kinywa wazi, buti mguu mmoja. Mwingine alikuwa akikohoa na kutema makohozi meusi, anajipangusa kwa kiganja. Afande alikuwa amekaa juu ya ndoo yake anawatazama. Aliikumbuka hali ile kwa mwili, si kwa kichwa. Unapotoka kwenye moto hutaki sifa, hutaki pole ya mtu. Unataka uingie ndani. Basi.

Tangi lilipokaribia kujaa, gari likapita. Vidole vilevile.

"Umeona?" Bwana Kesho akasema kwa upole. "Kesho mpe Mkuu saini, mama. Nenda kalitibu goti. Mimi nakuomba kama mdogo wako. Sote tumechoka."

Afande akainuka kutoka kwenye ndoo. Alikuwa na hamu ya kukubali kuliko alivyowahi kuwa na hamu ya kitu chochote, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Jioni nyumbani aliweka mguu juu ya stuli na kitambaa cha maji moto juu ya goti. Dereva alikuwa amekoga mara mbili lakini bado ananuka godoro. Walikula. Dereva alipomaliza, akasukuma sahani pembeni.

"Tia saini," akasema.

"Baba watoto."

"Sikiliza kwanza. Kimulimuli nitakishusha mwenyewe, nitakifunga pembeni. Vijana nitawafundisha, mtu akirudi tupu anajaza nje. Ni kama kuvua viatu mlangoni, watazoea. Hakuna atakayejua."

"Ngazi nayo utaishusha? Kimulimuli kikitoka, kinachofuata ni ngazi."

"Ngazi itapita. Nitaliingiza mimi."

"Na siku ambayo wewe hupo? Akishika usukani dereva mwingine, anarudi alfajiri, macho yamejaa moshi, hajui habari za springi, anataka kulala tu? Na juu kuna kijana amesimama anakunja mpira?"

Dereva akaisogeza sahani tena. Alikuwa amelifikiria hilo, na ilionekana.

"Kuvunja lenta ile ni kazi ya wiki na wiki," akasema hatimaye. "Lazima asimame mtu. Na huyo mtu ni wewe, maana hawana mwingine. Daktari atampa mwingine nafasi. Likizo ya mtoto itaishia hapa anatuangalia. Unajua mimi usiku nasikia nini? Nakusikia ukigeuka. Unadhani nimelala. Unashika ukuta, unavuta pumzi, unageuka. Nimechoka kusikia, mama watoto. Moto wa watu naweza kuuzima, lakini pale kitandani sina la kufanya."

Afande alikitoa kile kitambaa, akakikamua, akakirudisha. Ilikuwa mara ya kwanza mumewe kumwambia kwamba huwa anasikia.

"Na mimi naumia," akasema. "Sitakudanganya kwamba siumii. Leo pale kwenye ndoo nilishatia saini moyoni mara kumi. Lakini nimewaona wale watoto wamelala wamekaa. Mimi sikutumwa kujenga ukuta, mwenye kujenga ukuta ni Bwana Kesho. Nilitumwa nihakikishe mtu akitoka motoni anakuta mlango anaoweza kuingia. Hilo moja tu, na hilohilo ndilo nililokosea."

"Tulilokosea."

"Haya. Tulilokosea."

Dereva aliinuka, akatoka nje, akakaa kwenye kizingiti akiwa amempa mgongo. Hakurudi mpaka mkewe alipozima taa ya sebuleni.

Asubuhi Afande aliamka, upande wa pili wa kitanda uko wazi na umepoa. Alijua amekwenda kwa Mke Mwenza. Akavaa gwanda lake, akafunga goti bandeji, akaenda.

Mkuu alifika na gari la ofisi, amevaa vizuri, hati ndani ya jalada. Alikuwa mtu wa makamo aliyekabwa na wakubwa zake kuhusu jengo hilo kiasi kwamba alikuwa ameanza kuliota. Alipomwona Afande akatabasamu. "Leo tunapumzika, Afande."

"Hatupumziki, Mkuu. Sitii saini."

Akamweleza yote palepale mlangoni, bila kuzunguka, bila kumtaja mtu mwingine: mlango mkubwa ni mfupi, gari likirudi tupu linagonga, na kipimo alikichukua yeye. Mkuu alisikiliza, tabasamu likimtoka usoni taratibu. Alimtazama Bwana Kesho, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake. Akatazama vipande vya kimulimuli vilivyosogezwa kona kwa ufagio.

"Wengine wangetia saini," akasema.

"Najua."

"Nikikubali livunjwe, wewe ndiye utakayesimamia. Sina mtu mwingine, Afande. Najua habari ya hospitali, binti yako alinipigia kuniomba nisikusumbue. Lakini sina mtu."

"Nitasimamia," Afande akasema. Neno lilimtoka kavu, na palepale goti likamchoma kama lilikuwa linasikiliza. Aliwaza fimbo. Aliwaza binti yake akishuka kwenye basi na begi lake, na shuka zile zilizokunjwa. Akaona machozi yanataka kumtoka mbele ya Mkuu, akajifanya anakagua mnyororo wa mlango.

Hapo ndipo gari likaingia uani. Nyuma yake lilikuja lile gari fupi la zamani, limejaa maji, likaegeshwa getini kichwa kikitazama barabara, tayari kwa lolote. Dereva alilisimamisha gari lake kubwa mbele ya mlango, pale penye sakafu tambarare. Akazima injini, akashuka, akazunguka hadi ubavuni. Akapiga goti, akashika koki ya chini ya tangi, akaifungua.

Maji yakamwagika. Yalitoka kwa nguvu, yakatapakaa uani, yakabeba vumbi la saruji na vipande vya mbao, yakafika kwenye viatu vya Mkuu, naye akaruka nyuma. Wazimamoto waliokuwa kwenye gari fupi wakashuka kutazama. Hawakuwahi kuona kitu kama hicho. Dereva aliyewafukuza watu kazini kwa macho tu kwa sababu ya tangi lililopungua, ndiye huyo anamwaga maji mazima, moto haupo, asubuhi kweupe.

"Amechanganyikiwa?" Bwana Kesho akanong'ona.

Dereva alisubiri mpaka mkondo ukawa uzi, uzi ukawa matone. Gari lilikuwa limenyanyuka, na safari hii kila mtu aliliona. Kisha akamwendea Mkuu, akapiga saluti, akatoa ufunguo mfukoni. Ulikuwa na kipande cha ngozi kilicholainika kwa jasho la kiganja chake. Mpaka alfajiri hiyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuushika.

"Mkuu, gari atashika mwenzangu wa zamu ya pili. Nimemfundisha tangu alfajiri. Mimi nitasimamia ukuta."

"Wewe? Unajua nini kuhusu ujenzi?"

"Sijui kitu," Dereva akasema. "Mhandisi yupo, zege atalikagua yeye. Mimi nitasimama hapa nimkere huyu bwana mpaka mlango uishe. Na urefu wa hili gari sasa naujua. Afande ana miadi hospitali."

Mkuu aliutazama ule ufunguo, akamtazama Afande, akautazama tena. Alikuwa mtu mchovu lakini hakuwa mjinga. Akaupokea.

Dereva akachukua futi kutoka kwenye mkoba wa mkewe bila kumwomba, akapanda juu ya gari, akapita kando ya ngazi mpaka penye ncha iliyo juu kuliko zote. Akateremsha futi. "Mama watoto, njoo usome," akaita.

Afande akasogea ndani ya maji, akachechemea, akashika ncha ya chini na kuikandamiza sakafuni kwa kidole. Ilibidi ainame, na kuinama kulimuuma, lakini akainama. Akasoma. Fundi akaandika kwa chaki ukutani.

"Uongeze shubiri?" Bwana Kesho akauliza.

"Weka mbili, kimulimuli kipya nacho kinakuja," Afande akasema. "Na hilo sanduku lako lipande juu ya lenta, lisiniletee mdomo hapa."

"Kesho naanza kuvunja."

"Unaanza leo," Dereva akasema kutoka juu.

Vibarua wakacheka, na Bwana Kesho mwenyewe akacheka. Afande hakucheka. Alikuwa ameinua uso anamtazama mumewe kule juu, amesimama juu ya gari ambalo si lake tena, suruali imelowa mpaka magotini.

"Na mke mwenzangu?" akamuuliza. "Umemwachia nani?"

"Amepata mume mwingine." Alisema hivyo huku anatazama pembeni, kuelekea barabarani, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Mimi nimebaki na mmoja, tena mbovu wa goti. Nenda ukalitengeneze."

Hapo Afande akalia. Alilia palepale, amesimama ndani ya maji, mbele ya Mkuu, mafundi na vijana wake wa zamani. Alilia uchovu wote tangu msingi hadi bati, na hakuna aliyegeuka pembeni kujifanya anakoroga zege. Kisha akajipangusa kwa mkono wa gwanda, akainama tena juu ya futi.

"Usishuke," akasema. "Shika vizuri hapo juu. Safari hii tunasoma mara mbili."